Silinda Iliyotoka Tseikuru

Mbooni,
4 Februari 2024

Kwa Mjomba Nzau,

Nakusalimu wewe, Anti Kanini na watoto. Sisi hatujambo. Mama anasema maharagwe ya msimu huu yamekuwa mengi hata magunia yamemwishia, na kwamba ukija usibebe ndengu, ubebe asali.

Nakuandikia kwa sababu huko malishoni simu yako haishiki, na siku inaposhika unasema "nitakupigia", halafu hupigi. Barua hii namkabidhi dereva wa gari la Mwingi pamoja na viatu vya Anti.

Baba yuko mzima, ila mguu humsumbua asubuhi zenye ukungu. Kuna jambo lililomfika na mama anataka ulijue. Mwezi wa nane kanisa litachagua wazee. Mchungaji mpya alimwita akamwambia kuna watu wengi wanaotaka arudishiwe uzee wa kanisa aliovuliwa, lakini kwa sharti moja: asimame mbele ya ushirika atubu kwamba siku ile ya 2011 alikata mti wa kanisa akiwa amelewa, na ndiyo maana msumeno ulimkata mguu. Baba alirudi akavua koti, akasema hivi, nami naandika maneno yake kama yalivyotoka: "Nilikunywa kikombe kimoja cha pombe ya kaluvu jioni ya kuamkia siku hiyo, kwenye ntheo, sherehe ya mahari. Sikulewa. Nakumbuka kidole changu kiliachilia mafuta, na cheni haikusimama. Sasa, mafuta yakiachiliwa cheni husimama. Kwa hivyo labda sikuachilia. Siwezi kutubu na siwezi kukana." Hajalitaja tena. Anaendelea kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Sasa shida yangu. Tangu nimalize diploma nimefungua kibanda barabarani, natengeneza pampu za maji, pikipiki, na misumeno ya petroli, hii tunayoita pawa. Kaya tano zinazotumia chemchemi ya hapa chini zimekubaliana kuondoa mikaratusi iliyoizunguka, kwa sababu maji yamepungua. Kibali kimetoka. Kazi nimepewa mimi, na Kisilu, mkata miti ninayefanya naye kazi, ndiye atakayekata. Nilinunua pawa iliyotumika pale Malili, modeli ileile aliyokuwa nayo baba. Ina nguvu ya sentimita sitini na mbili za ujazo. Mikaratusi mitatu ni minene kuliko inavyoweza. Kisilu aliiwasha mara moja akaniambia, "Dada, hii yako ni ya kupasua kuni za chai."

Nimesoma kitabu cha vipuri cha modeli mbili, hii na kubwa yake. Bodi ya chini inayobeba silinda ni moja. Pistoni husafiri umbali uleule, milimita thelathini na sita. Kinachotofautiana ni upana tu: ndogo ni arobaini na saba, kubwa ni hamsini. Nikiweka silinda na pistoni ya kubwa juu ya bodi ya ndogo nitapata sentimita sabini. Nakumbuka zamani ulikuwa na ile kubwa, ukamwambia mama imepasuka bodi. Silinda yake bado iko? Naiomba.

Ni mimi mpwa wako,
Kathini


Tseikuru,
2 Machi 2024

Kathini mwana wa dada yangu,

Barua imefika. Viatu pia vimefika. Anti Kanini anasema vinambana lakini anavivaa kanisani hivyo hivyo, anatembea kama kuku amefungwa mguu. Huku mvua bado. Ng'ombe zimekonda kidogo, mbuzi ziko sawa. Mbuzi hata umnyime maji mwaka mzima atakuangalia tu.

Hiyo silinda achana nayo. Kwanza sijui iko wapi, vitu vya store vililiwa na mchwa. Pili haiingii. Pini ya pistoni ya ile kubwa ni nene, ya ndogo ni nyembamba. Utaharibu mashine yako na utaumiza mtu. Tafuta fundi mwenye pawa kubwa umkodishe, mambo iishe.

Baba yako mwambie namwombea. Mambo ya kanisa ni ya wazee wa kanisa, mimi siwezi kuingilia. Disemba nitaleta mbuzi kama kawaida.

Mjomba wako,
Nzau


Mbooni,
17 Machi 2024

Kwa Mjomba Nzau,

Natumaini mvua imewafikia. Huku ilinyesha Jumatano, njia ya kwetu imekuwa utelezi, na boda boda wanashusha abiria chini kabisa. Mama alipanda kilima na unga kichwani bila kupumzika hata mara moja, kisha akanicheka mimi niliyepumzika mara mbili.

Umesema pini ni nene. Mjomba, ulipimaje? Kitabu changu kinasema pini ya modeli zote mbili ni moja. Kitabu kinaweza kukosea, kwa hivyo nakuomba unithibitishie. Najua huna kipimo cha fundi, lakini una spana. Chukua ile ya duara namba kumi. Kama pini ya ile kubwa inapita kwenye duara bila kuchezacheza, ni sawa na yangu. Ikikataa kupita, nitakuamini na sitakusumbua tena.

Kukodi fundi hakuwezekani. Watu wa chemchemi walinipa kazi hii baada ya ubishi mrefu. Mzee mmoja aliuliza kikaoni, "Huyu ni wa Mulwa? Wa Mulwa aliyejikata?" Hakusema kwa ubaya, alitaka tu kujua mimi ni nani. Ndivyo tunavyotambulishwa. Nikimwachia mtu mwingine kazi hii nitakuwa nimekubali kwamba kwetu hatuwezi kushika msumeno.

Umesema baba unamwombea. Nilimwambia. Akajibu, "Nzau ni mtu mwema," akarudi kwenye redio yake.

Mpwa wako,
Kathini


Mbooni,
12 Mei 2024

Kwa Mjomba Nzau,

Nakusalimu. Sote tuko wazima. Mahindi yamefika magotini.

Hukunijibu, lakini Jumanne nilipokea gunia kutoka kwenu. Anti Kanini alifunga kikaratasi: alikuwa akifagia store, akakumbuka nilitaka mashine, akaona hii iliyofungwa kwenye nailoni, akaituma na ndengu juu yake. Naona hakukuuliza. Tafadhali usimgombeze.

Nilitarajia silinda. Nimetumiwa pawa nzima, na ni ya baba. Hatukujua kwamba bado ulikuwa nayo. Baada ya ajali ulisema umeiondoa nyumbani ili watoto wasiione, na mama alidhani uliiuza. Kwenye mpini bado pana herufi zake alizochoma kwa msumari.

Nitakuambia nilichofanya, kwa utaratibu. Nilibadilisha plagi na mpira wa mafuta, nikasafisha kabureta, nikaiwasha. Iliwaka mvuto wa sita. Ikiwa baridi ilifanya kazi vizuri. Ilipopata moto niliachilia mafuta, na cheni iliendelea kuzunguka. Nilirudisha nyuma skrubu ya mlio wa chini ili injini itulie, nikajaribu tena. Ikaendelea kuzunguka. Nilihesabu hadi kumi na tisa kabla sijaizima kwa swichi.

Injini inayofanya hivyo inavuta hewa mahali isipopaswa. Nilipuliza dawa ya kabureta kuizunguka, sehemu moja baada ya nyingine. Nilipofika chini ya silinda mlio ukabadilika. Nikafungua bolti nne.

Silinda ni ya milimita hamsini. Bodi ni ya ile ndogo. Pini inaingia bila shida, Mjomba; uliiingiza mwenyewe. Na gasketi, badala ya kuwa ya kiwanda, imekatwa kwa mkasi kutoka jalada la daftari. Upande mmoja pana jedwali la kuzidisha, mstari wa saba na wa nane. Upande wa bolti ya kushoto karatasi imeungua na kuachia upenyo ninaoweza kupitisha ukucha.

Nina swali moja. Silinda hii uliiweka lini?

Sijamwambia baba kwamba mashine iko hapa. Nimeificha chini ya meza ya kibanda. Breki ya cheni imevunjika, na hiyo najua ilivunjika zamani. Baba mwenyewe hakuitengeneza. Sikulaumu kwa breki.

Kathini


Tseikuru,
9 Juni 2024

Kathini,

Salamu. Tuko salama. Ndama mmoja amekufa, wengine wako sawa.

Ni kweli hiyo silinda niliweka mimi. Lakini niliiweka huku Tseikuru, baada ya ajali, nikitaka kukata miti ya boma. Iliponisumbua nikaifunga kwa nailoni. Daftari mama yako alinipa mengi ya kufungia vitu. Usichimbe mambo ya zamani, mtoto. Baba yako amepata amani yake.

Nzau


Mbooni,
16 Juni 2024

Mjomba,

Mama anakusalimu. Amesikitika kuhusu ndama.

Jalada hilo lilikuwa la daftari langu la hesabu. Upande wa pili, ukiinua karatasi kwenye mwanga, imebaki mistari miwili niliyoandika kwa kalamu ya bluu: jina langu, nusu yake, na "Darasa la 6". Nilifika shuleni siku ya Jumatatu na daftari lisilo na jalada. Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa akauliza kama kwetu tunakula karatasi. Watoto walicheka. Nilisema sijui limeenda wapi, naye hakuniamini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliposema ukweli na ukahesabiwa kuwa uongo, ndiyo maana siku yake siwezi kuisahau.

Baba aliumia siku ya Alhamisi ya wiki hiyo hiyo.

Nimejiuliza kwa nini nakuandikia badala ya kumpelekea baba gasketi mkononi. Nadhani ni kwa sababu nikiipeleka mimi, itakuwa ni mtoto anayemtetea babaye. Watu watasema, huyu amesoma, anaweza kusema lolote kuhusu injini. Ikitoka kwako itakuwa kitu kingine. Na pia, nikikueleza ukweli, nataka kujua kama wewe ni mtu niliyemfahamu.

Wazee watachaguliwa tarehe nne Agosti. Sitasema zaidi ya hapo.

Kathini


Tseikuru,
14 Julai 2024

Kathini mwana wa dada yangu Kaluki,

Nimechukua muda. Barua yako nimeisoma nikiwa na ng'ombe, nikairudisha mfukoni, nikaisoma tena. Anti Kanini aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Halafu nikamwambia yote, na tangu hapo ananipa chakula bila kunisemesha. Ni sawa.

Nilikuja huko kwenu Ijumaa, sababu ya ntheo ya binamu yenu. Baba yako alikuwa analalamika huo mkaratusi wa kanisa ni mkubwa na pawa yake ni ndogo. Mimi bodi yangu ilikuwa imepasuka lakini silinda ilikuwa nzima, nikaja nayo kwa mkoba. Nilitaka kumfanyia kitu kizuri. Yeye ndiye alinilipia mahari ya Kanini wakati kwetu hakukuwa na kitu, hilo hujui. Jumapili wakiwa kanisani nikafungua, nikaweka. Gasketi sikuwa nayo. Daftari ilikuwa juu ya meza. Kila fundi hukata karatasi, hata leo. Lakini karatasi ya manila nene unapaka oili na unakaza bolti mara mbili, ikishapoa. Mimi nilikaza mara moja.

Jumatano nikaijaribu. Ikipata moto cheni ilikuwa haisimami haraka. Niliona. Nikasema itakaa sawa yenyewe, vyuma bado vinazoeana. Jioni ile ndio tukaenda kwa ntheo. Nilitaka kumwambia "shemeji, uiangalie ikiwa na moto", lakini alikuwa anafurahi sana na hiyo nguvu, anawaambia watu shemeji yake amempa pawa mpya. Sikutaka kuharibu.

Sasa hili sijawahi kumwambia mtu. Alipokuwa hospitali wazee wa kanisa walikuja kwangu, kwa sababu mimi ndio nilikaa naye kwa ntheo. Wakaniuliza, "Mulwa alikunywa?" Nikasema, "Alikunywa." Wakauliza tena, "Una hakika?" Nikasema, "Nilimwona." Hiyo ilikuwa kweli, ndio sababu ilikuwa rahisi. Hawakuuliza ni kikombe ngapi. Hawakuuliza mashine. Nilingoja waulize mashine. Wakafunga kitabu wakaenda.

Mbuzi za kila Disemba sikuzitoa kwa sababu ya Krismasi. Sasa unajua.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya baba yako na ya kanisa, moja tu, imeandikwa kwa wote. Sijaifunga. Uisome kama unataka, uone kama kuna mahali nimejificha. Mimi mwenyewe sijaweza kuja. Nimefika Mwingi stendi mara moja, nikarudi.

Nzau


Mbooni,
6 Agosti 2024

Kwa Mjomba Nzau,

Nakusalimu, nawasalimu wote. Mama hasalimu. Nilimuuliza kama niandike salamu zake, akaendelea kuchambua maharagwe. Mpe muda.

Barua yako sikuisoma. Nilimpa baba jioni ya Ijumaa, tarehe ishirini na sita, pamoja na gasketi ndani ya karatasi safi. Alivaa miwani akasoma polepole, akafika mwisho, akaanza tena mwanzo. Kisha akauliza, si mimi wala mama, aliuliza tu: "Kwa hivyo mafuta niliachilia?" Nikamwambia ndiyo, Baba, uliachilia. Akaangalia kidole chake cha shahada, akakikunja na kukikunjua. Alisema, "Miaka kumi na mitatu nimekuwa nikikitilia shaka kidole hiki. Hata kumshika mtoto karibu na moto nilikuwa naogopa."

Jumapili hii, siku ya kuchagua wazee, alimkabidhi katibu wa kanisa barua yako na kumwomba aisome yote, hata sehemu inayomtaja yeye kuhusu breki. Ilisomwa baada ya matangazo. Wazee wawili waliokuja kukuuliza wakati ule bado wako hai, mmoja alisimama akasema, "Sisi tuliuliza swali moja na lilihitaji mawili." Halafu akaketi. Mchungaji alisema hakuna tena neno la toba kwa Mulwa. Jina lake lilipitishwa. Baba akaomba lisubiri mwaka ujao. Alisema anataka kwanza kukaa tu kanisani bila kuwa na kesi, aone inavyokuwa.

Kukuhusu wewe hajasema lolote. Sitakudanganya kwamba amesema. Nilimuuliza kama nikuandikie akajibu, "Andika." Nikauliza niseme nini. Akasema, "Mwambie barua imefika." Basi nakuambia: barua imefika.

Nami kwa upande wangu bado sijui. Nilipokuwa mdogo wewe ndiye mtu mzima pekee aliyenijibu nilipouliza injini inafanyaje kazi. Nilijifunza kwako kwamba mashine haina hila, ina sababu. Nimekasirika na wewe kwa kipimo ulichonifundisha mwenyewe.

Pawa niliitengeneza. Silinda yako niliiacha palepale, kwa sababu wazo lako lilikuwa sahihi. Niliweka gasketi ya kiwanda, sili mpya za krenki na breki ya cheni. Nikakaza bolti kwa msalaba, nikaiacha ipate moto, ikapoa, nikakaza tena. Mikaratusi mitatu ya chemchemi iliangushwa wiki iliyopita. Mmoja niliuangusha mimi. Kisilu alisimama nyuma yangu akisema, "Pole pole, fundi," na hakutaja kuni za chai.

Jana asubuhi baba alishuka hadi kibandani kwa mkongojo. Hajawahi kushuka tangu nikifungue. Akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akasema, "Iwashe." Niliiwasha, nikaingoja ipate moto, nikavuta mafuta hadi mwisho, nikaachilia. Cheni ikasimama.

Akasema, "Tena."

Nikavuta, nikaachilia. Ikasimama. Akasema tena, na tena. Mteja mmoja alikuja na pampu yake akaona, akaenda kusubiri kando ya barabara. Baba hakuwa akiniangalia mimi wala mashine yote, aliangalia cheni tu, na kila iliposimama alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayehesabu. Tuliendelea hivyo mpaka petroli ikaisha kwenye tangi. Kisha akasema, "Basi," akainuka, akapanda kilima kurudi nyumbani.

Kathini, binti Mulwa